Je, jina Kevin litamponza mwanangu?

*"Habari za kazi, mwalimu. Mimi ni Mkenya, naishi Hamburg na mume wangu ambaye ni Mjaluo, na tunatarajia mtoto wa kiume mwezi wa tatu. Kaka yake mume wangu aliitwa Kevin. Alifariki mwaka juzi, na kwao mtoto anayefuata hupewa jina la marehemu. Sikuwa na neno mpaka nilipowaambia wenzangu kazini. Mmoja alicheka. Mwingine aliniambia nisimfanyie mtoto ukatili huo, kwamba hapa Ujerumani Kevin ni jina la watoto watukutu wa watu wasiosoma. Nimetafuta, nikakuta kweli yameandikwa hivyo. Mama yangu naye anasema si jina la Kikristo, ni la sinema ya Wamarekani, na padre atalikataa. Dada yangu anashauri tuandike Kelvin, eti ni lilelile lakini halina doa. Mume wangu nikimgusia ananyamaza. Nifanyeje?"*

Dada yangu, pole kwa kufiwa na shemeji, na Mungu akujalie ujifungue salama. Naona umebebeshwa mizigo ya watu wengi kwa wakati mmoja: ya wenzako kazini, ya mama, ya dada, na ya mume anayenyamaza. Tuitue mmoja mmoja. Ile ya mama na dada ni myepesi kuliko inavyoonekana. Ile ya wenzako kazini ina ukweli ndani yake, na sitakuficha.

Kwanza, Kevin si jina la Wamarekani wala la Waingereza. Ni la Kiairishi, lugha ya asili ya Ireland, na lina umri wa karne nyingi kuliko sinema. Katika Kiairishi cha kale liliandikwa Cóemgein. Ni maneno mawili yaliyounganishwa: *cóem*, yaani mpendwa, mpole, mzuri wa kutazama, na *gein*, yaani uzao au kuzaliwa, neno lenye shina moja na *genus* la Kilatini. Kwa hiyo maana yake ni "aliyezaliwa mzuri" au "uzao mwema". Leo Waairishi huliandika Caoimhín. Usiogope wingi wa herufi: *aoi* ni sauti "ii", na *mh* katika nafasi hiyo husomeka "v", hivyo latamkwa karibu na "Kiiviin". Makarani waliokuwa wakiandika kwa Kiingereza waliandika walichokisikia, ndipo tukapata Kevin.

Utakuta vitabu vya majina vinavyosema kwamba *-ín* ya mwishoni ni ile ya kudogosha, kama sisi tunavyosema kijiji kutoka mji, na kwamba maana ni "kipenzi". Maelezo hayo yanafuata tahajia ya leo. Tahajia ya kale, yenye *gein* kamili, inaonyesha kuwa mwisho wa jina haukuwa kudogosha bali kuzaliwa. Kwa mtoto anayezaliwa kurithi jina la baba yake mkubwa, maana hiyo ya zamani inapendeza zaidi.

Mama yako mwambie hivi. Kevin ni mtakatifu. Alianzisha monasteri katika karne ya 6 mahali panapoitwa Glendalough, kwa Kiairishi Gleann Dá Loch, "bonde la maziwa mawili", katika jimbo la Wicklow kusini mwa Dublin. Mnara wa mviringo wa mahali hapo, wenye urefu wa mita 30 hivi, ungali umesimama. Kumbukumbu za kale zinaweka kifo chake mwaka 618. Zinadai pia kwamba aliishi miaka 120, na hiyo ni hesabu ya heshima, si ya kalenda, kwani habari za maisha yake ziliandikwa muda mrefu baada ya kufa kwake. Hadithi yake inayopendwa kuliko zote iliandikwa na Gerald wa Wales katika karne ya 12: Kevin akisali amenyoosha mkono dirishani, ndege mweusi akatua kiganjani, akajenga kiota na kutaga, naye akakaa hivyo hivyo mpaka makinda yakaanguliwa. Papa Pius X alithibitisha heshima yake ya utakatifu mwaka 1903.

Sikukuu yake ni tarehe 3 Juni. Mama yako atashtuka kwa furaha akilisikia hilo, kwa sababu hiyo ndiyo siku ya Mashahidi wa Uganda, Karoli Lwanga na wenzake waliochomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Mtoto wako akiitwa Kevin, siku ya somo wake na siku kubwa ya mashahidi wa kwetu ni moja.

Kuhusu padre kulikataa: sheria ya Kanisa inayotumika sasa, ya mwaka 1983, haidai jina la mtakatifu. Kanuni ya 855 inawataka wazazi, wasimamizi na paroko wasimpe mtoto jina lililo kinyume na maadili ya Kikristo, basi. Ni sheria ya zamani, ya 1917, iliyomtaka paroko ahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo au aongeze la mtakatifu, na huenda mama anaikumbuka kutoka kwa wazazi wake. Hata chini ya sheria ile Kevin angepita. Tena, wamisionari wengi waliohudumu Turkana, Kitui, Eldoret na Nakuru walikuwa wa Shirika la Mtakatifu Patrick, lililoanzishwa mwaka 1932 katika kijiji cha Kiltegan. Kiltegan iko Wicklow, jimbo lilelile la Glendalough. Majina kama Patrick, Brendan na Kevin hayakuwa mageni masikioni mwa Wakatoliki wa Kenya kabla ya kuonekana kwenye skrini yoyote.

Sasa Kelvin. Kwetu majina haya mawili yanachanganyika kwa sababu yote mawili mtaani huishia "Kevo". Lakini Kelvin ni mto unaopita Glasgow, Uskoti. Mwanafizikia William Thomson alipopewa ubwana mwaka 1892 alichukua jina la mto huo, akawa Lord Kelvin, na kipimo cha joto kikaitwa kwa jina lake. Ni jina zuri, na marehemu Kelvin Kiptum alilipeleka mbali zaidi alipokimbia marathoni ya Chicago ya 2023 kwa saa 2:00:35 na kuweka rekodi ya dunia. Ila halina uhusiano na Kevin hata kidogo, na shemeji yako hakuitwa Kelvin. Ukiandika Kelvin umepoteza kile ulichotaka kuhifadhi, na wala hujapata ulichokimbilia: Mjerumani akisikia Kelvin atalisikia kama Kevin lililokosewa. Juu ya hapo, familia itamwita Kevin na pasipoti itasema Kelvin. Tofauti ya herufi moja kati ya cheti cha kuzaliwa, cha ubatizo na cha shule inatosha kumsumbua mtu ofisini miaka ishirini baadaye.

Tuje kwenye doa lenyewe. Wenzako hawakulibuni, lakini wamekueleza matokeo bila chanzo.

Hata kwao Ireland, Kevin lilikuwa jina la eneo la Dublin na Wicklow kwa karne nyingi. Lilienea baada ya uamsho wa lugha ya Kiairishi, hasa tangu Chama cha Kigaeli kilipoanzishwa mwaka 1893 na watu wakaanza kuwapa watoto majina ya watakatifu wa kwao badala ya yale ya Kiingereza. Kisha tarehe 1 Novemba 1920 Waingereza walimnyonga Kevin Barry, mwanafunzi wa udaktari mwenye miaka 18, katika gereza la Mountjoy, Dublin. Watoto wengi walipewa jina lake. Waairishi wa Marekani walilikuza huko, na kufikia miaka ya 1960 lilikuwa miongoni mwa majina ishirini ya juu ya wavulana wa Marekani.

Bara la Ulaya lilipokea jina hili likiwa limeshaoshwa historia yake yote. Mji wako una sehemu kubwa katika hilo. Mchezaji wa Uingereza Kevin Keegan aliichezea Hamburg kuanzia 1977 hadi 1980, akatwaa nayo ubingwa wa ligi mwaka 1979, na akawa mchezaji bora wa Ulaya mara mbili mfululizo, 1978 na 1979. Wazee wa Hamburg wakisikia Kevin wengine hutabasamu kwa ajili yake. Halafu ikaja sinema ya Krismasi ya mwaka 1990 kuhusu mtoto aliyesahauliwa nyumbani. Kwa Kiingereza na Kifaransa jina la mtoto halimo katika jina la sinema. Kwa Kijerumani limo, tena ndilo neno la kwanza: *Kevin – Allein zu Haus*. Ilionyeshwa Ujerumani mapema 1991, na mwaka huohuo Kevin likafika kileleni mwa orodha ya majina ya wavulana nchini humo. Ufaransa lilishakuwa la kwanza tangu 1989, likabaki hapo hadi 1994, na mwaka 1991 pekee walizaliwa akina Kévin zaidi ya 13,000. Kwa hiyo sinema haikuleta jina. Ilimwagia petroli moto uliokuwa unawaka.

Angalia sasa kilichotokea baadaye, maana ndicho kiini cha swali lako. Jina likipanda kwa kasi namna ile, hushuka kwa kasi ileile. Wazazi wa tabaka la juu na wenye shahada nyingi Ujerumani na Ufaransa walishikilia majina ya ukoo na ya zamani: Maximilian, Alexander, Charlotte, Sophie. Walioyapokea majina ya Kiingereza kutoka televisheni na michezo walikuwa zaidi watu wa kazi za mikono na, upande wa Mashariki ya Ujerumani, watu waliokuwa wametoka tu nyuma ya ukuta wa Berlin. Hakukuwa na kosa. Walipenda sauti mpya, kama wazazi wa kwetu walivyopenda. Lakini matokeo yake ni kwamba ukisikia Kevin wa mwaka 1991 unaweza kukisia kazi ya baba yake na ukapatia mara nyingi kuliko kukosea. Jina likageuka kitambulisho cha tabaka. Kejeli unayoisikia kazini ni kejeli ya tabaka iliyovaa nguo ya jina, na mimi naiona mbaya kwa sababu hiyo hasa.

Mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Oldenburg kilitoa utafiti uliowauliza walimu wa shule za msingi wanayahusisha majina gani na tabia gani. Kevin lilitajwa kuwa la watoto wasumbufu, wasio na bidii. Mwalimu mmoja aliandika sentensi iliyosambaa nchi nzima: kwamba Kevin si jina, ni utambuzi wa ugonjwa. Soma utafiti ule kwa makini. Haukupima watoto. Ulipima vichwa vya walimu. Ufaransa, mwanasosholojia Baptiste Coulmont amekuwa akionyesha jinsi alama za mtihani wa mwisho wa sekondari zinavyotofautiana kwa majina, na akina Kévin huwa upande wa chini. Yeye mwenyewe anasisitiza kwamba jina halimfelishi mtu. Jina linaonyesha tu nyumba aliyotoka. Mtoto wa wazazi wanaosoma naye vitabu jioni hageuki kuwa mtukutu kwa sababu ya herufi tano.

Hata hivyo, dhana ya mwalimu ina uzito wake. Mwalimu anayemtarajia mtoto asumbue humwona akisumbua mapema zaidi. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba hakuna gharama. Ipo, ni ndogo, na inapungua. Mwanao ataingia darasa la kwanza baada ya miaka sita. Akina Kevin wa 1991 watakuwa na miaka arobaini au karibu yake, watakuwa madaktari wa meno, mafundi umeme na walimu wenyewe. Baadhi wameshalisafisha jina hadharani: kipa Kevin Trapp, mbunge wa zamani Kevin Kühnert, na mwanasoka Kevin-Prince Boateng, aliyezaliwa Berlin mwaka 1987 kwa baba Mghana. Darasani kwa mwanao kuna uwezekano mkubwa hatakuwapo Kevin mwingine. Watoto wenzake hawataijua kejeli hiyo. Wakubwa wao ndio wataikumbuka. Wala halitakuwa limerudi kupendwa, kwani jina la kizazi kimoja huchukua vizazi viwili au vitatu kupoa na kusikika tena kama jipya. Mwanao atalibeba katika kipindi cha katikati.

Kuna jambo jingine ambalo wenzako pengine hawakulifikiria. Mwanao atakuwa mtoto mweusi Ujerumani, na hakuna jina litakalomwondolea kila dhana ya watu. Jaribio la watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz, lililochapishwa 2012, lilituma maombi ya kazi yanayofanana. Yenye majina ya Kijerumani yalipata majibu kwa kiasi cha asilimia 14 zaidi ya yale ya majina ya Kituruki. Kwa hiyo ukikimbia Kevin ukachukua jina la kwenu, umebadilisha dhana moja kwa nyingine. Nasema hivi ili usidhani upande wa pili kuna usalama kamili, si kukukatisha tamaa na majina ya kwenu.

Ningekuwa na uamuzi, ningeandika majina mawili: la Kijaluo mbele, Kevin la pili, bila kistari katikati. Sheria ya Ujerumani inayahesabu majina yote ya mtoto kuwa na hadhi sawa, na nyumbani au shuleni mnaweza kumwita kwa lolote kati ya hayo. Lakini fomu za bima na tiketi za ndege huchukua la mbele. Tangu Novemba 2018 mtu anaweza kubadilisha mpangilio wa majina yake kwa tamko ofisini, bila kutoa sababu. Hii ina maana mwanao akikua na kumpenda baba yake mkubwa kwa hadithi, atalipeleka Kevin mbele mwenyewe. Kistari kikiwekwa, majina mawili yanakuwa jina moja, na nafasi hiyo inafungwa. Isitoshe, majina ya Kiingereza yaliyounganishwa kwa kistari ndiyo hasa yanayochekwa.

Katika kuchagua la Kijaluo, lisome kwa mdomo wa Mjerumani kwanza. Omondi watalisoma sawasawa. Otieno huenda likawa "Otiino". Ochieng wataisoma kwa *ch* ya kooni, kama *kh*. Okoth itakuwa "Okot". Si sababu ya kuyaacha, ni vizuri tu kujua mapema mtoto atakuwa akirekebisha nini. Tahajia ya Kiairishi, Caoimhín, sikushauri. Hakuna mtu Hamburg atakayeisoma, na shemeji hakuiandika hivyo. Na kama mashine ilikosea na akazaliwa msichana, shina lilelile *caomh* lina jina la kike, Caoimhe, linalopendwa sana Ireland leo wakati Kevin limeshuka huko pia mbele ya Rían, Fionn na Oisín.

Lakini hayo yote ni maoni ya mtu wa majina, na mume wako hajasema. Kwake Kevin si orodha ya 1991. Ni sauti ya kaka aliyemwita kila siku. Usianze mazungumzo na utafiti wa walimu. Mwombe akusimulie: nyumbani walimwitaje, mama yao alimwitaje, Kevin au jina lake la Kijaluo? Huenda jina linalotakiwa kurithiwa kwa desturi yao ni lile la Kijaluo, na hapo fundo lote linafunguka lenyewe. Hilo hawezi kulijibu mtaalamu wa mbali. Pigeni simu kwa mama mkwe au mzee wa ukoo kabla ya kujifungua. Na kama baada ya karibu miaka miwili bado hawezi kulitaja jina la kaka yake bila kufunga mlango, shida ni msiba ambao haujaliliwa, na inafaa azungumze ana kwa ana na padre au mshauri anayejua kazi hiyo. Kama akisema kwa kinywa chake kwamba anataka Kevin liwe mbele, mimi ningelikubali. Mtoto anayejua ameitwa kwa ajili ya nani ana jibu la kuwapa wanaocheka.

Nendeni Standesamt, yaani ofisi ya usajili wa vizazi na ndoa, mapema, mwezi wa kwanza hivi, mkiwa na pasipoti, vyeti vyenu vya kuzaliwa na cha ndoa, vikiwa vimetafsiriwa. Hati za Kenya huenda wakataka zihakikiwe, kazi inayoweza kuchukua miezi. Mtoto huandikishwa ndani ya wiki moja. Jina, kama hamjaafikiana, mna mwezi mmoja wa kulipeleka. Kwa Kevin hawatauliza chochote. Jina la Kijaluo ambalo afisa hajalisikia, anaweza kutaka uthibitisho kwamba ni jina kweli. Kituo cha ushauri wa majina cha Chuo Kikuu cha Leipzig hutoa barua kama hizo kwa malipo. Na kabla ya kutia sahihi, soma herufi moja moja: Kevin, bila *l*, bila alama juu ya *e* kama Wafaransa. Kosa likionekana mezani hufutwa hapohapo. Likishaingia kwenye cheti, kulisahihisha kunahitaji ombi na vielelezo.